Mzee Mwenye Alzheimer: Anza na Kazi Ambayo Mikono Yake Inaijua

Kabla hujaenda dukani kumnunulia rangi na brashi mzee mwenye ugonjwa wa Alzheimer, ulizia kwanza kazi ambazo mikono yake ilifanya alipokuwa na nguvu. Uliza shangazi zake, uliza majirani wa zamani, uliza kanisani. Huo ndio ushauri wangu mkubwa, na mengine yote nitakayoandika hapa yanatokana nao. Ukitafuta habari za tiba ya sanaa utaonyeshwa wazee wa Ulaya na Marekani waliovaa aproni, mbele yao karatasi nyeupe na rangi za maji. Picha nzuri sana. Lakini wazee wengi tunaowatunza huku Kisumu, Vihiga, Kakamega na Kisii hawakuwahi kushika brashi ya kuchorea hata siku moja. Walifinyanga vyungu, walisuka vikapu na mikeka, walifuma vitambaa vya makochi, walishona nyavu, walipiga msasa mawe ya Kisii. Ukimwekea mtu kama huyo karatasi tupu, umempa mtihani.

Mama yangu ni mzaliwa wa Ilesi, pale kwenye barabara ya Kisumu kwenda Kakamega ambapo vyungu hupangwa kando ya lami. Alifundishwa kufinyanga na mama yake na shangazi zake kabla hajajua kusoma. Alipoolewa akaja Kisumu, akawa anauza vyungu na majiko ya udongo Kibuye, na siku za Jumapili, soko linapofurika, hakuna mnunuzi aliyemweza kwa bei. Sasa anaishi nasi Migosi. Kile Kiswahili chake cha sokoni kimepungua, na mengi anayosema siku hizi ni ya Kiisukha, lugha ya utotoni. Hili huwatokea wengi wenye ugonjwa huu: lugha iliyotangulia kuingia huchelewa kutoka. Ukiwa unamtunza mkweo na lugha yake huijui, jifunze angalau maneno ya kazi: shika, polepole, vizuri, pumzika.

Mimi si daktari, wala si mtaalamu wa tiba ya sanaa. Mtaalamu wa tiba hiyo amesomea sanaa na saikolojia kwa pamoja, na anajua kukifanyia kazi kile kinachotoka kwa mgonjwa. Mchoraji Mwingereza Adrian Hill, aliyekuwa akichora kitandani alipougua kifua kikuu, ndiye aliyeanza kuiita hivyo mwaka 1942, na tangu hapo imekuwa taaluma yenye vyuo vyake. Kwetu wataalamu hao ni wachache. Tunachofanya nyumbani ni shughuli za mikono tu, na hakuna ubaya kulijua hilo. Kama uko karibu na hospitali kubwa ya rufaa, ulizia watu wa okupesheno therapi. Kazi yao ni kuirudisha mikono kwenye shughuli za kila siku, na wana maarifa mengi kuhusu viti, meza na namna ya kushika vitu ambayo wengi wetu hatujui hata kuyauliza.

Na kabla ya udongo wala uzi, mpeleke mzee akapimwe. Si kila anayesahau ana Alzheimer. Tezi ya shingoni ikifanya kazi kwa uvivu, vitamini B12 ikipungua, sonona, maambukizi ya njia ya mkojo, hata dawa fulani anazomeza, vyote vinaweza kuivuruga akili ya mzee, na vingi vinatibika. Akichanganyikiwa ghafla, jana mzima leo hakujui, huyo ni wa kukimbizwa hospitali siku hiyo hiyo. Alzheimer huja polepole, kwa miaka. Shirika la Afya Duniani linasema watu wanaoishi na dimenshia, yaani kudhoofika kwa kumbukumbu na akili kwa sababu ya ugonjwa wa ubongo, ulimwenguni ni zaidi ya milioni 55, na kati ya asilimia 60 na 70 ya visa hivyo huenda ni Alzheimer. Dawa kama donepezil na memantine huweza kupunguza makali kwa muda, haziponyi.

Usipopata jina la ugonjwa mapema, watu watakupa lao. Kisii na Kilifi wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi, na mzee anayeamka usiku, akatangatanga mpaka uani kwa jirani bila kujua amefikaje, ni rahisi sana kunyooshewa kidole. Karatasi ya daktari ni kinga pia. Mwonyeshe mzee wa mtaa, waelezee majirani, na hata vijana wa boda pale stejini wajue huyu mama akionekana peke yake arudishwe nyumba gani.

Sasa, kwa nini mikono? Ugonjwa huu huanza mapema kuharibu hipokampasi, sehemu ya ubongo inayotunza mambo mapya: nani amekuja asubuhi, chai imenywewa au bado. Ujuzi wa mikono unakaa kwingine, ndani zaidi ya ubongo na kwenye serebela huko nyuma ya kichwa, na sehemu hizo huchelewa kuguswa. Ndiyo maana mama anaweza kuniuliza leo ni siku gani, nikamjibu, akauliza tena kabla sijafunga mdomo, kisha akachukua bonge la udongo, akaliviringisha kati ya viganja, ikatoka kamba ndefu yenye unene ule ule tangu mwanzo hadi mwisho. Mimi nina akili zangu zote na kamba hiyo siiwezi.

Dada yangu aliyeko ng'ambo alitutumia boksi lenye rangi za maji, brashi, na kitabu cha kupaka rangi cha maua na vipepeo. Nia ilikuwa njema. Mama alikifungua kitabu, akamtazama kipepeo, akamkabidhi mjukuu wake. "Chako hiki." Hakukasirika, alikirudisha tu kwa mwenyewe. Najua kuna wazee wanaovifurahia vitabu hivyo, na kama wako ni mmoja wao, mwache aendelee. Lakini naona tunavigawa kwa urahisi mno. Mtu aliyelea watoto na wajukuu anakijua kitabu cha mtoto akikiona, hata kama jina la mtoto mwenyewe limempotea. Majina hutoka, aibu inabaki.

Udongo tuliuagiza Ilesi, kwa watu wa kwao, ukaja kwa matatu ndani ya ndoo. Mwambie anayekuuzia kwamba unataka uliokwisha kutwangwa, kuchekechwa na kukandwa. Udongo wa kuchota mtoni au shambani una vijiti, mawe na pengine vipande vya chupa. Uhifadhi kwenye ndoo yenye kifuniko, juu yake gunia bichi. Zamani tungeufunga kwa mifuko ya plastiki, ile iliyopigwa marufuku mwaka 2017, na kusema kweli gunia linafanya kazi vizuri zaidi.

Maandalizi ndiyo yanayobeba kila kitu, kwa hiyo niruhusu nikae hapa kidogo.

Meza iwe tupu. Isitandikwe leso ya maua wala kitenge, kwa sababu macho ya mwenye Alzheimer hupata taabu kutenganisha vitu, na mama amewahi kuyavuta maua ya kitambaa akitaka kuyaokota. Kitu na mahali kilipowekwa vitofautiane rangi: udongo wa kahawia juu ya sinia jeupe, uzi mweupe juu ya kitambaa cheusi. Karatasi nyeupe juu ya meza nyeupe haionekani kabisa, na mzee atakaa akiitazama meza huku wewe ukidhani amekataa. Dirisha liwe upande wake au nyuma yake, jua lisimpige machoni. Kiti kiwe na mikono, miguu yake ifike chini. Televisheni izimwe, na redio hasa wakati wa habari, maana sauti ya mtu asiyeonekana humfanya aanze kumtafuta.

Mara moja moja namwekea isukuti, ile ngoma ya Waisukha na Waidakho ambayo UNESCO iliiingiza mwaka 2014 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Taabu ya isukuti ni kwamba mabega yanaanza kucheza, udongo unaachwa. Siku hiyo basi tunacheza.

Kuhusu saa, jua mzee wako ni mtu wa wakati gani. Wengi huanza kuhangaika jua linapoteremka; wanataka kwenda nyumbani ingawa wako nyumbani. Kwa mama, hilo huanza mnamo saa kumi. Kwa hiyo ndoo hutoka saa tisa na nusu, kabla miguu haijaanza kutafuta mlango. Siku nyingine hangaiko linakuja vilevile, siku nyingine linapita bila kugusa nyumba. Wa kwako akiwa mchangamfu asubuhi, fanya asubuhi. Nusu saa inatosha, na dakika kumi pia si haba.

Halafu kuna namna ya kuanza, na hapa ndipo nimeona nyumba nyingi zikishindwa. Usimwite kwa kumwambia, "Mama, njoo tufinyange." Ukimwita hivyo anajiuliza kama ataweza, na jibu lililo karibu ni "nimechoka". Mimi hukaa karibu naye, naanza kukanda vibaya. Basi. Kukanda vibaya ni kipaji changu, sihitaji kuigiza. Akiona, mkono wake unakuja wenyewe. "Wewe, hivyo sivyo. Lete." Mzee mwenye ugonjwa huu anasahihishwa kutwa nzima: hapana mama, hiyo si nguo yako, hapana mama, baba alishafariki, hapana mama, umeshakula. Ukimpa nafasi ya kukusahihisha wewe, umempa kitu ambacho hakuna mwingine nyumbani atakayempa siku hiyo.

Vifaa vitoke kimoja kimoja. Mama hutumia kipande cha kibuyu kulainishia na kamba fupi ya kusokotwa ya kutilia nakshi shingoni mwa chungu. Nikivipanga vyote mbele yake, anavitazama tu na mikono inakaa mapajani. Nikimpa kibuyu peke yake, kinaanza kazi papo hapo. Akikwama, usimshike mkono kwa juu na kuuongoza; pitisha wako chini ya wake, uwe kama umeubeba, halafu utoe taratibu. Na usimwelekeze kwa sentensi ndefu. "Shingo sasa" inatosha.

Kinachotokea hakitabiriki. Siku nyingine ni chungu kidogo kizuri kiasi cha kukufanya uamini daktari alikosea. Siku nyingine ni kipande bapa kilichojaa alama za kamba, mstari chini ya mstari, mpaka nafasi iishe. Siku nyingine anakanda tu mpaka mwisho. Zote ni siku nzuri. Hatuchomi chochote, kwa kuwa vyungu vya namna hii huchomwa kwa moto wa wazi wa kuni na nyasi, na hakuna mwenye nyumba Migosi atakayekubali. Jioni udongo unarudi ndooni. Kaka yangu alitaka tuvipange kabatini sebuleni, wageni wavione. Nilimwambia apige picha. Picha zenyewe ninamwonyesha mama mara moja moja. Hukitazama chungu alichokifanya jana na kusema, "Huyu anajua kazi. Ni cha nani?" Namwambia, "Ni chako, mama." Akikubali sawa, akibisha sawa. Sisemi mara ya pili.

Hapo tumefika kwenye mazungumzo. Maswali ya kuanzia na "unakumbuka" yafutwe kabisa. Unakumbuka nani alikufundisha? Unakumbuka ulikuwa unauza ngapi? Hata "Hiki ni nini unachotengeneza?" ni mtego, kwa sababu huenda yeye mwenyewe hajui bado, na sasa ameona kwamba alipaswa kujua. Sema unachokiona: "Udongo huu ni laini." "Mdomo umekaa vizuri." Sema kisha unyamaze, mpe muda. Neno likija, litakuja baada ya kimya kirefu kuliko ulivyozoea, na ukilikatiza kwa swali jingine limepotea.

Makumbusho ya MoMA jijini New York yalianza mwaka 2006 mpango wa kuwapokea wenye Alzheimer pamoja na wanaowatunza. Wanaketi mbele ya picha, wanazungumza juu ya kile wanachokiona, na si lazima mtu akumbuke mchoraji ni nani. Huhitaji kwenda New York. Makumbusho ya Kisumu, yaliyofunguliwa mwaka 1980, yana boma zima la Kijaluo, Ber-gi-dala, lenye nyumba na maghala, na ndani ya makumbusho kuna vyungu, vikapu na zana za uvuvi. Nenda asubuhi ya siku ya kazi kabla mabasi ya shule hayajafika. Chagua vitu viwili vitatu, usimzungushe kote. Mama alisimama mbele ya vyungu akaanza kuvikosoa, chungu kwa chungu, kwa Kiisukha, kwa sauti ya Kibuye. Vyungu vya Wajaluo, kwa maoni yake, vina midomo minene. Naomba radhi kwa majirani zangu wote. Nyoka wa makumbusho tuliwapita bila kuwasalimu.

Watu hunipigia simu wakiuliza kama udongo umemrudishia mama kumbukumbu. Haujarudisha, na anayekuuzia chochote cha sanaa kwa ahadi hiyo mkimbie. Mwaka 2018 mapitio ya Cochrane, ambao kazi yao ni kukusanya majaribio ya tiba na kuyapima kwa pamoja, yalipata majaribio mawili tu madogo ya tiba ya sanaa kwa wenye dimenshia yaliyofaa kuhesabiwa, yakasema ushahidi hautoshi kuamua kama inasaidia au haisaidii. Mimi sipimi kwa kumbukumbu. Napima kwa mambo ninayoyaona nyumbani: saa hiyo hatafuti mlango, hamtukani dada anayetusaidia, na uso wake ni uso wa mtu mwenye shughuli.

Kuna mchoraji Mmarekani aliyeishi London, William Utermohlen, aliyegunduliwa kuwa na Alzheimer mwaka 1995. Aliendelea kujichora uso wake mwenyewe kwa miaka kadhaa, na ukizipanga picha hizo unaona umbo likivunjika, macho yakihama, mpaka kinachobaki ni mikwaruzo yenye kichwa. Alifariki mwaka 2007. Watu huzitumia picha zile kuonyesha jinsi ugonjwa unavyokula. Mimi nikizitazama naona pia kwamba aliendelea kuamka na kushika penseli. Kazi haikumponya, lakini ilibaki kazi yake.

Ndugu watakuja, na wengine hawatapenda. Mjomba alipofika kutoka Ilesi akamkuta dada yake na udongo hadi viwiko, alininunia mlangoni.

"Unamchezesha dada yangu matope? Mama mzima?"

"Karibu, mjomba. Ingia ukae. Mwambie mwenyewe aache."

Aliketi. Mama alimtazama kwa muda, na sijui alimwona kama nani, lakini alimnyooshea bakuli akamtuma maji, kwa sauti ile ya dada mkubwa. Mjomba akainuka, akaenda kuteka maji. Hatukurudia tena mazungumzo ya matope. Ushauri wangu kwa ndugu wa aina hii ni huo: usibishane nao kwa simu. Wakalishe mezani.

Kwa wanaume mambo ni yale yale, ila watu husahau kuwapa. Mzee mmoja jirani yetu alitoka Tabaka, kule Kisii kwenye machimbo ya mawe yale laini ya kuchonga. Binti yake huagiza vinyago vilivyokwisha kuchongwa lakini havijalainishwa, viboko na bakuli ndogondogo, na mzee anakaa na beseni la maji akipiga msasa. Kazi hiyo hufanywa ndani ya maji, na iwe hivyo nyumbani pia, kwani vumbi la jiwe si la kuvuta. Uzuri wake ni kwamba haiwezi kuharibika. Ukipiga msasa kidogo jiwe linang'aa kidogo, ukipiga sana linang'aa sana. Mzee aliyevua samaki Dunga mpe kipande cha wavu kilichotoboka na ile sindano yake ya kushonea, na umwombe akutengenezee. Fundi mbao mpe ubao na msasa, si randa.

Kwa kina mama wa vitambaa vya makochi, na nani hakuwa na mama wa vitambaa, tafuta sindano nene ya krosheti na uzi mnene wenye rangi moja iliyokolea. Anza wewe mistari miwili mitatu ili akute kazi inaendelea. Atakosea hesabu, kitambaa kitapinda na kuwa kofia. Kiache kipinde. Usifumue mbele yake, na kama lazima ufumue usiku upate uzi wa kesho, hilo ni lako na uzi wako.

Usalama sasa, kwa haraka lakini msome vizuri. Ugonjwa ukisonga mbele, vitu huishia mdomoni. Shanga ndogo ziondoke, vifungo vilegevu viondoke. Rangi za mafuta na thina visikae kwenye nyumba hiyo. Maji ya kuoshea brashi yasiwekwe kwenye kikombe wala chupa ya soda. Atayanywa, na wewe ndiye uliyempa. Akianza kula udongo, badilisha umpe donge la unga wa ngano na maji, kama la chapati. Mapishi mengi ya donge la kuchezea yanayozunguka intaneti yana chumvi nyingi mno, na mzee mwenye presha akilila ni balaa. Ukitaka rangi, ingia jikoni: manjano, maji ya bitiruti, maji ya mchicha uliochemshwa. Udongo mkavu usifagiliwe na kutimua vumbi. Pangusa kwa kitambaa kibichi. Visu na mikasi ya ncha vikae kwako.

Akikataa, amekataa. Akisukuma sinia, toa sinia, leta chai. Usimbembeleze wala usimkumbushe kwamba jana alifurahia, maana hiyo jana haipo. Wiki nzima ikipita bila ndoo, acha ipite. Lakini akikataa kitu alichokipenda kwa muda mrefu, mwangalie vizuri: huenda ana maumivu, meno, miwani iliyochafuka, au choo kigumu. Wenye Alzheimer mara nyingi hawawezi kusema "naumwa", husema kwa kukataa.

Itafika siku mikono itasahau pia. Rafiki yangu aliyemuuguza baba yake mpaka mwisho alikuwa akimpa vitu vya kushika tu: kipande cha mkeka wa mafunjo, kitambaa cha mahameli, jiwe lililolainishwa na kupashwa joto kidogo juani. Alimpaka mafuta viganjani polepole, kidole kwa kidole. Hakuita tiba wala sanaa. Alisema vidole vilivyokuwa vimekunjana vilifunguka wakati huo na mzee akalala, basi akaendelea. Na wewe unayetunza, usibaki peke yako na jambo hili. Shirika la Alzheimer's and Dementia Organization Kenya lina vikundi vya watunzaji, na kusikia mtu mwingine akisema mama yake pia huficha pesa kwenye sufuria kunapunguza mzigo.

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: na kama mzee hakuwahi kufanya kazi ya mikono? Alikuwa karani, alikuwa mwalimu, alikuwa ofisini? Huyo hayupo. Mwalimu alishika chaki miaka thelathini, mpe ubao. Mama wa nyumbani alisuka nywele, alichambua kunde, alikunja nguo za watu wanane. Mpe kamba za kusuka, mpe vipande vya vitenge vya rangi mbalimbali avikunje na kuvipanga. Upangaji wake utakushangaza. Baba wa mwenzangu kazini alikuwa mhasibu, na nyumbani walisema hana mkono wowote wa sanaa. Walimnunulia daftari kubwa la hesabu, rula ya mbao na penseli za rangi. Sasa anapiga mistari, ukurasa baada ya ukurasa, mwekundu, wa samawati, wa kijani, kwa nafasi sawasawa kabisa, na penseli ikiwa butu anaisukuma pembeni kwa hasira na kugoma kazi. Kwa hiyo kama wa kwako ni mtu wa ofisi, nunua kichongeo kizuri, si vile vya bei rahisi vinavyovunja ncha, na ukae nacho wewe mfukoni kwa sababu ya wembe.